Wimbo Usioimbwa na Mwanamume

Sehemu ya Tisa

Pazia la duka la Nzai bado linatikisika, msomaji, pale pale tulipoliacha juma lililopita. Nyuma yake Mishi amejibana baina ya maboksi ya kanda, leso ameifumbata kinywani asije akakohoa. Mbele ya pazia, hatua mbili tu kutoka alipo, ameingia mtu aliyemfukuzisha shule.

"Salaam aleikum, Nzai."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Kaa kitako."

Ile sauti! Mishi angeitambua hata angekuwa kaburini.

Kwa aliyepitwa na gazeti, habari ni hii. Mwaka 1985 Mishi alikuwa kidato cha nne huko Likoni. Aliandika katika daftari lake la insha shairi la kumlilia mamake, Mwanatumu, aliyekufa akijifungua. Mwalimu Mohdhar alilisoma mbele ya darasa zima, kisha akasema hapana msichana wa miaka kumi na minane awezaye kutunga hivi, huyu ameiba kwa mtu mzima. Daftari akalichukua, eti liwe ushahidi. Mishi akatimuliwa kabla ya mtihani, na jina la mwizi likamganda.

Miaka mitatu baadaye shairi lile lile likaanza kutoka kwenye kila redio ya pwani, limetiwa fidla na dumbaki. Juu ya kanda pameandikwa: Kiti cha Mama. Mtunzi, Mwalimu Mohdhar.

Sasa ni mwaka 1991. Mishi amekwisha kulia. Alilobakisha ni kulipa kisasi.

"Haya, leo una nini?" Mohdhar aliuliza, akivuta stuli.

Ndivyo alivyofanya kila Alhamisi. Duka la Nzai liko Changamwe, kando ya barabara ya malori, na watu wa upande wote wa bara, nje ya kisiwa cha Mombasa, huleta kanda zao hapo zitolewe nakala: za harusi, za ngoma, za bibi kizee anayeimbia wajukuu. Nzai hubakisha nakala moja. Mohdhar huja akazisikiliza na kuchagua, kama achaguaye nyanya sokoni, na siku ya pili amekuwa mtunzi. Kwa miaka mingi Nzai alimwachia. Akakoma siku aliposikia bendi ya Mohdhar ikiupiga wimbo wa marehemu babu yake, na jina la babu halimo; ndipo akakubali kumsaidia Mishi.

"Iko moja tu," Nzai alisema. "Mwanamke. Hana hata chombo, sauti tupu."

Akaibonyeza mashine. Sauti ikatoka, pole, ikipanda na kushuka kwa namna ambayo mtu akiisikia mara moja hatoisahau. Nyuma ya pazia Mishi alifumba macho. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na maneno alikuwa ametunga yeye. Ila yale mahadhi hayakuwa yake, na hapo ndipo ulipokuwa mtego.

Mohdhar alisikiliza mpaka kanda ikaisha.

"Nani huyu?"

"Mama mmoja tu wa mashambani. Amekwisha kufa."

"Mungu amrehemu," alisema Mohdhar, na mkono wake tayari uko kwenye kanda. "Marehemu hadai."

Mishi aliuma leso mpaka meno yakamuuma. Kumbe hata kifo cha mamake, kwake kilikuwa mali isiyo na mdai!

"Nina kinanda kipya kimetoka Dubai," Mohdhar aliendelea. "Kiko forodhani Kipevu, chatoka kesho baada ya sala ya Ijumaa. Chameza sauti ya mtu hicho, ukibonyeza chaitapika pale unapotaka. Huyu marehemu atanipokelea kiitikio. Keshokutwa kwa Mwinyihaji, harusi ya bintiye, ndipo nitakapouzindua. Fomu ya haki ya mtunzi nimekwisha kuijaza, pamebaki jina la wimbo tu."

"Utaapa kuwa ni wako?"

"Kwani itakuwa mara ya kwanza?"

Alisimama. Akafika mlangoni. Halafu akageuka, akakunja uso.

"Nzai. Sauti hii kama naijua."

Mishi akaacha kupumua. Nzai akajitia kutafuta bisibisi.

"Yafanana na ya msichana mmoja niliyemfukuza shule," Mohdhar alisema. Mara akacheka. "Na hata angekuwa ni yeye, heri zaidi. Nani atamwamini mwizi?"

Akatoka na kanda mfukoni. Lori likapita, vyupa vya soda vikatetema rafuni, na Mishi akatoka nyuma ya pazia macho makavu kabisa.

"Ameimeza," Nzai alisema.

"Ameimeza," Mishi akajibu. "Na imkwame."

Mishi alifika nyumbani Shika Adabu, huko Likoni, wakati wa magharibi. Bi Barke alikuwa amekaa mkekani, redio kaseti mapajani, uso umekauka.

Huyu Bi Barke ni dada wa nyanya yake Mishi, na ndiye somo mkubwa wa Likoni. Mwari akitiwa ndani siku saba kabla ya harusi, asuguliwe liwa, afunzwe nyumba na mume, anayemfunza ni Bi Barke. Nusu ya wake wa Likoni wamepita mikononi mwake, na Mishi ndiye anayempokea nyimbo.

"Shikamoo, Somo."

Hakujibiwa marahaba. Bi Barke alibonyeza redio, na sauti ya Mishi ikatoka humo. Moyo wake ukaanguka. Masikini, alirekodi mara mbili! Kanda ya pili akaipeleka kwa Nzai, ya kwanza akaisahau mashinini.

"Nimefungua nisikize mawaidha," Bi Barke alisema, "nikasikia chumba changu. Maneno umegeuza. Mahadhi ni ya ndani, ya kumvika mwari siku ya kutoka. Nilifunzwa na mamangu, naye alifunzwa na mamake. Mwanamume hajapata kuyasikia tangu Likoni iwe Likoni. Kanda nyingine iko wapi?"

"Kwa Mwalimu Mohdhar."

Kofi lilimpata Mishi kabla hajaliona.

"Nisikize, Somo! Ataapa mbele za watu kuwa ni yake, maneno na mahadhi. Kila mwanamke aliyetiwa ndani atajua ni uongo. Mwanamume hawezi kuyatunga yale, na hawezi kuyapata ila kwa wizi. Akikiri ni mwizi. Asipokiri, basi alisimama dirishani kuchungulia wari. Aende wapi?"

Kwa dakika moja Mishi aliona kitu machoni mwa kikongwe yule, karibu na sifa. Kisha kikazima.

"Kisasi kizuri," Bi Barke alisema. "Lakini umekinunua kwa kitu kisicho chako. Yeye aliiba chako, wewe umeiba chetu. Mwanangu, niangalia matoni, macho kwa macho. Nenda kesho ukaitwae ile kanda. Ukiirejesha, mimi sikusikia kitu. Ukiuwacha wimbo ule utoke kwa mwanamume, mimi si somo wako, hutoingia ndani kwa mwari yeyote, na siku yangu ikifika usije mazikoni."

Yangekuwa maneno ya mtu mwingine Mishi angenuna tu. Lakini Bi Barke ndiye aliyemlea baada ya Mwanatumu kufa. Hana mwingine.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mohdhar. Mume hayupo, ameshuka Kipevu kungojea kinanda. Aliyefungua ni mkewe, Mwanakombo, mwanamke mpole wa watu, leso kiunoni na ufunguo umefungwa kwenye ncha yake.

"Karibu, mwanangu. Wataka nini?"

"Kuna kanda yangu ilichukuliwa kwa makosa dukani kwa Nzai."

"Kanda zi pale mezani. Itwae yako."

Ikawa rahisi hivyo. Mishi aliiona, ya kijani, haina jina. Akanyoosha mkono.

"Usijali vurugu hizo," Mwanakombo alikuwa akisema, akipanga mito. "Mwalimu anatunga. Akitaka kutunga huniomba ufunguo huu, akajifungia na kabati lake la madaftari ya wanafunzi. Akitoka huko, wimbo uko tayari. Mungu amempa kipaji."

Mkono wa Mishi ukasita hewani.

Madaftari! Lake limo humo. Ushahidi wake hakuuchoma, anaula! Msomaji, hapa mtu mwenye akili iliyotulia angeitia kanda mkobani, akamkamata yule mama mkono, akamweleza yote pole pole, na labda yote yangekwisha kwa heri.

Lakini kando ya kanda ya kijani ilikuwako nyingine, ya kuuzwa. Juu yake picha ya Mohdhar, kanzu na koti, anacheka, amekaa kwenye kiti cha mbao. Amekikalia! Mishi alikumbuka alichoandika kwa kalamu ya wino mwepesi, usiku wa arobaini ya mamake:

Kiti kimebaki wazi, hapana wa kukikaa,
Nakifuta kwa machozi, vumbi lisije kujaa.

Akaurudisha mkono.

"Nimekosea," alisema. "Haimo humu."

Jumamosi alasiri, uwanja wa Mwinyihaji, Likoni. Turubai zimetandwa, wanawake wamejaa mpaka ukutani, buibui zimeshushwa mabegani, asumini na udi vinashindana. Wanaume wako barazani nje ya uwanja. Bi Barke amekaa kiti cha mbele, hakumtazama Mishi hata mara moja. Mwanakombo naye yupo, ufunguo wake ule ule kwenye ncha ya leso.

Mohdhar alianza na Kiti cha Mama. Wanawake walikwenda kumtuza wakilia. Mishi akasikiliza beti zote saba, mikono mapajani. Lieni, aliwaambia kimoyomoyo. Lieni, baada ya leo Mwalimu huyo si wenu tena.

Kisha Mohdhar akasimama, akapangusa uso.

"Mabibi na dada zangu! Leo nawapa kipya. Kuna wasemao Mwalimu huokota. Basi wallahi, nasema mbele ya Bwana Mwinyihaji na mbele yenu: maneno yangu, mahadhi yangu. Sikumsikia mtu."

Vigelegele. Akaketi mbele ya kile kinanda cha Dubai, vidole vikaanza.

Ubeti wa kwanza haukufika nusu. Mwanamke wa kwanza aliyekuwa akipiga makofi aliacha. Wa pili akamshika mwenziwe paja. Wakatazamana. Vigelegele vilikatika, na buibui zikaanza kupandishwa, moja, kumi, mia, mpaka uwanja mzima ukawa mweusi, nyuso zimefunikwa kama mbele ya mwanamume aliyewaingilia chumbani.

Mohdhar alidhani wametekwa na utamu. Akabonyeza kitufe chake, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye maspika, ile sauti ya kupokea, ya chumbani.

"Nyamaza!"

Ni Bi Barke. Amesimama, fimbo mkononi. Bendi ikaacha kupiga.

"Mwalimu. Hayo umeyasikia wapi?"

"Sikuyasikia popote, Bibi. Ni yangu."

"Umeapa?"

"Nimeapa, na naapa tena. Wallahi ni yangu."

"Basi na hiyo sauti ya mwanamke ni yako pia?"

Mohdhar alicheka, akaangaza macho akitafuta wa kucheka naye. Hapakuwa na hata mmoja. Mke wa Mwinyihaji akainuka, akapayuka.

"Binti yangu ana siku saba yuko ndani! Leo asubuhi ndio tumeuimba! Dirisha la uani lilikuwa wazi! Alikuwako dirishani, mwanaharamu huyu, na mashine yake ya kunasia!"

Ukawa moto. Viatu vilianza kuruka. Mtu alimmwagia maji ya waridi, chupa na yote. Wanaume walisikia neno dirisha, wakavunja ada na kuingia, mbele yao Mwinyihaji, kofia imekaa upande.

"Ulimchungulia mwanangu?"

"La! Hasha! Bwana Mwinyihaji, nisikize..."

"Ulimchungulia mwanangu uchi?"

"Si wangu!" Mohdhar alipiga ukelele. "Wimbo si wangu! Sikutunga, sikuchungulia! Niliutoa kwenye kanda dukani kwa Nzai, Changamwe! Nimeiba, basi! Nimeiba kanda!"

Loo! Miaka sita, msomaji. Miaka sita Mishi ameota kusikia neno hilo likitoka kinywani mle, na limetoka, na maspika yamelipeleka mpaka barabara ya feri. Alihisi utamu ukimpanda mwilini mpaka nyweleni. Mwizi. Amesema mwenyewe. Afe sasa, aishi, shauri yake.

Utamu ule haukudumu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

"Kanda ya nani?" aliuliza Bi Barke.

"Ya marehemu! Nzai aliniambia mwenyewe amekufa!"

"Ibonyeze tena hiyo sauti."

Mohdhar akabonyeza. Sauti ikapanda, ikashuka. Bibi mmoja wa Mtongwe akajishika kifua.

"Jamani! Si Mwanatumu huyo? Mwanatumu aliyekufa uzazini! Ndiye aliyekuwa akimpokea Bi Barke zamani! Ndiyo sauti yake hiyo!"

Kweli. Mishi alirithi koo la mamake, watu walikuwa wakimwambia kila siku. Hakuwahi kulifikiria hilo. Katika hesabu zake zote za kisasi, hilo hakulitia.

"Kumbe Mwanatumu ndiye aliyetuuza!"

"Aliingia ndani kwetu, akatoka na siri yetu kwenye kanda!"

"Ndiyo maana hakuuona mwisho mwema!"

"Mungu asimwondolee kiza cha kaburi!"

"Amina!"

Amina ile ilizunguka uwanja, kutoka kiti hadi kiti. Wanawake waliolia kwa Kiti cha Mama nusu saa iliyopita, sasa wanamlaani mwenye kiti. Mishi akamgeukia Bi Barke. Bi Barke anaijua kweli, neno lake moja latosha. Kikongwe alikuwa akimtazama yeye, kwa mara ya kwanza siku ile, midomo imefungwa. Alikuwa akingoja.

Mishi akasimama.

"Ni yangu," alisema.

Hakusikika. Akapanda juu ya kiti.

"Ni yangu! Sauti ni yangu mimi, Mishi! Mamangu hakutoa kitu nje. Niliyeitoa ni mimi, kwa makusudi, ili huyu aiibe. Muacheni mamangu. Nilaanini mimi."

Miaka sita amesema maneno hayo hayo juu ya shairi lake, darasani, ofisini, mitaani, ni yangu, ni yangu, na hapana hata mmoja aliyemwamini. Leo wamemwamini wote, papo hapo. Walio karibu naye wakaanza kuvuta viti vyao mbali.

Mohdhar, koti limelowa waridi, aliona mlango umefunguka.

"Mwamuona!" alisema, sauti ya mwalimu imemrudia. "Mwizi yule yule! Tangu shuleni! Niliyemfukuza kwa kuiba Kiti cha Mama kwangu!"

"Kwako?"

Wote wakageuka. Mwanakombo hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na hata sasa sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini tangu litajwe neno dirisha uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa akifungua fundo la leso yake, polepole, kwa kucha.

"Miaka mitano napangusa vumbi lile kabati," alisema. "Kiti cha Mama kiko kwenye daftari la bluu. Sikujua kusoma sana, mume wangu, lakini jina la juu nililisoma. Nikadhani ni msichana uliyemwandikia wewe. Jina lenyewe ni Mishi."

"Mwanakombo! Usithubutu!"

Alikwisha kuthubutu. Ufunguo uliruka juu ya vichwa vya watu, ukaanguka mkekani, baina ya Mohdhar na Mishi.

Mohdhar aliruka kutoka jukwaani. Mishi akaruka kutoka kitini. Wote wawili wakainama, mikono ikagongana.

Mguu uliwatangulia. Mguu wa kizee, wenye hina iliyofifia, ulikuwa umeukanyaga ufunguo. Walipoinua vichwa walimkuta Bi Barke juu yao, fimbo mkononi. Nyuma yake wanawake wamefunga mduara, na lango la Mwinyihaji limekwisha kutiwa komeo.

Bi Barke alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini mguu haukutikisika.

"Nina wezi wawili," alisema. "Mmoja nimemlea mwenyewe. Haya, wanawake wenzangu, niambieni. Nianze na yupi?"